Mafunzo ya Nyumbani: Supu Nzito ya Samaki kwa Maziwa

Samaki mmoja akikaangwa na kuletwa mbele ya watu sita, mara nyingi baba hupata mnofu wa katikati, mgeni hupata upande wa pili, na watoto wadogo husaliwa na mkia na miiba. Si kwamba mama hana huruma. Samaki ni mmoja, na aliyekaangwa hagawanyiki sawasawa. Tena kichwa na mifupa, vyenye ladha nyingi, hutupwa nje vikaliwa na paka. Katika somo la leo twataka kueleza namna ya kumpika samaki huyo huyo pamoja na viazi na maziwa, hata kila mtu nyumbani apate bakuli lake lenye samaki ndani yake.

Asili ya Chakula Hiki

Chakula hiki ni cha wavuvi wa New England, pwani ya kaskazini-mashariki ya Marekani, nao hukiita chauda. Zamani kilipikwa kwa vitu vilivyopatikana merikebuni: samaki, vitunguu, nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi, na biskuti ngumu za mabaharia. Maelezo ya kukipika yalichapwa katika gazeti moja la mji wa Boston mwaka wa 1751, wala hayakutaja viazi wala maziwa. Vitu hivyo viliingia chunguni baadaye. Huko Skotilandi nako, watu wa mji wa Cullen hupika supu ya namna hiyo kwa samaki aliyekaushwa kwa moshi.

Basi chakula hiki hakikuanza kwa matajiri. Kilianza kwa watu wa kazi waliotaka kushiba. Katika Kenya vitu vyake vyote vyapatikana sokoni: samaki wa Ziwa Victoria au wa bahari, viazi vya Nyandarua, vitunguu, na maziwa ya ng'ombe.

Vitu Vinavyotakiwa kwa Watu Sita

Samaki mzima wa kilo 1 na nusu, viazi kilo 1, vitunguu 2 vikubwa, karoti 2, siagi vijiko 2 vya kulia, unga wa ngano vijiko 2 vya kulia, maziwa nusu lita, maji lita 1 na robo, chumvi na pilipili manga kwa kadiri. Ukiwa na malai, weka kando vijiko vichache.

Kuchagua Samaki

Chagua samaki mwenye mnofu mweupe ulio imara. Sangara, ambaye kando ya Ziwa huitwa mbuta, afaa sana. Na katika samaki wa bahari, tewa na changu ni wazuri. Kabla ya kutoa fedha yako, mtazame macho: yawe maangavu, yasiyodidimia. Funua mashavu yake: ndani yawe mekundu. Mbonyeze kwa kidole: nyama irudi mahali pake. Harufu yake iwe ya maji safi, isiwe kali.

Wako watu wanaodhani kwamba samaki aliyeanza kuharibika aweza kuokolewa kwa moto mwingi na viungo. Jambo hili ni la hatari. Jodari na samaki wa jamaa yake, kwa mfano, wakikaa katika joto hufanya sumu ambayo haiondolewi kwa kupikwa. Heri kurudi nyumbani na mboga kuliko kununua samaki wa namna hiyo kwa sababu bei yake ni rahisi.

Maziwa Yachemshwe Kwanza

Supu hii haitakiwi kuchemka baada ya kutiwa maziwa, kama tutakavyoeleza. Kwa hiyo maziwa mabichi yaliyotoka kwa ng'ombe hayawezi kutegemea moto wa supu ili yawe salama. Maziwa mabichi yaweza kuchukua vijidudu vya kifua kikuu na vya magonjwa mengine ya mifugo. Yachemshe peke yake mpaka yapande, kisha yaweke kando yakiwa yamefunikwa. Utando mzito utakaokaa juu usiutupe, utafaa mwishoni.

Namna ya Kupika

1. Para magamba, toa matumbo na mashavu, osha vizuri. Tenga minofu na mifupa. Kata minofu vipande vya ukubwa wa vidole viwili, ukipapasa kwa kidole ili kuondoa miiba yote, hasa ikiwa wadogo watakula. Kama umeosha samaki kwa ndimu, msuuze tena kwa maji matupu.

2. Tia kichwa na mifupa katika sufuria pamoja na maji. Ikichemka, punguza moto, uache kwa muda wa dakika 20 hivi. Usizidishe sana, maana mifupa ya samaki ikipikwa mno huleta uchungu. Chuja mchuzi, na hakikisha hakuna mwiba uliopita.

3. Katika sufuria nyingine yeyusha siagi, ukaange vitunguu vilivyokatwa mpaka vilegee, lakini visigeuke rangi. Nyunyiza unga, ukikoroga kwa mwiko kwa muda wa dakika 2. Mimina mchuzi kidogo kidogo huku ukikoroga, ili unga usifanye madonge.

4. Tia viazi na karoti vilivyokatwa vipande vidogo, na chumvi kidogo. Pika kwa dakika 15 au zaidi, mpaka kiazi kichomeke kwa uma. Ponda vipande vichache vya viazi katika ukingo wa sufuria; hivyo ndivyo vitakavyoifanya supu iwe nzito.

5. Sasa tia samaki. Punguza moto, ikiwa wapika kwa makaa, ondoa baadhi yake au yafunike kwa jivu. Samaki huiva upesi, kwa dakika 5 hadi 8. Ameiva anapokuwa mweupe mpaka ndani na nyama yake kuachana yenyewe. Usikoroge kwa nguvu, usije ukamvuruga.

6. Pasha moto maziwa yako, yasiwe baridi, uyamimine polepole. Ongeza malai au ule utando, pamoja na pilipili manga. Iache supu juu ya moto mdogo mpaka iwe moto sawasawa, lakini isitokote. Onja chumvi, kisha epua.

Kwa Nini Maziwa Hukatika

Wengi wamejaribu kupika samaki kwa maziwa wakaona maziwa yamejitenga, maji huku na mabonge huku, na chakula cha siku nzima kikapoteza sura yake. Sababu zake kubwa ni mbili. Ya kwanza ni ukali wa ndimu, siki au nyanya: vitu hivi huishikamanisha protini ya maziwa, kama inavyokuwa maziwa yanapoganda kwa kuchacha. Ya pili ni moto mwingi na kutokota kwa muda mrefu. Ndiyo maana tumesema ndimu isuuzwe, nyanya zisitiwe, na maziwa yaingie mwisho. Unga na viazi navyo husaidia kuyashika yasijitenge.

Mama wa pwani hatashangazwa na sheria hii, kwa maana ameijua tangu utoto wake. Apikapo mchuzi wa samaki kwa nazi, hutanguliza tui jepesi, na kasimile huitia mwisho kwa moto mdogo, akikoroga lisije likakatika. Wale ambao matumbo yao hayapatani na maziwa ya ng'ombe waweza kufuata njia hiyo hiyo, wakatia tui mahali pa maziwa na mafuta ya kupikia mahali pa siagi. Supu itakuwa nzuri vilevile.

Kupakua

Pakua ingali moto, uile kwa mkate au chapati. Pitisha upawa mpaka chini ya sufuria kwa kila bakuli, ili aliye mdogo asipewe mchuzi mtupu. Ile siku ile ile. Supu yenye samaki na maziwa haifai kulala nje usiku kucha katika nyumba yenye joto.

Jaribuni somo hili siku samaki atakapoletwa nyumbani. Mtaona kwamba hapakuongezwa samaki wa pili. Vilivyoongezwa ni viazi, maziwa, na subira ya mpishi ya kukipa kila kitu moto wake na wakati wake. Kwa hayo, yule mtoto aliyezoea mkia na miiba atapata mnofu kama baba yake.