SOMO: Mafuta ya Mwani – Tupige Hesabu Kwanza



Baadhi ya sharika zimetuuliza: je, fedha za mradi zitumike kuchimba mabwawa ya kukuza mwani wa kutengenezea dizeli? Katika toleo hili tujifunze pamoja.

Mwani huu ni nini?
Ni viumbe vidogo sana vinavyogeuza maji ya birika la ng'ombe kuwa ya kijani. Hukua kwa jua, hewa ya ukaa na virutubisho kama naitrojeni na fosforasi. Baadhi ya aina hutunza mafuta mwilini, nayo hugeuzwa kuwa dizeli. Havihitaji shamba lenye rutuba, na vingine hustawi katika maji ya chumvi.

Ugumu uko wapi?
Maji ni mengi, mwani ni kidogo. Lita moja ya maji ya bwawa la wazi mara nyingi huwa na takriban nusu gramu ya mwani mkavu. Hivyo lita 1,000 hutoa nusu kilo. Sehemu moja ya tano ikiwa mafuta, tunabaki na gramu 100, yaani nusu glasi. Kuchuja, kukausha na kukamua nako kunakula nishati. Tena, mwani ukipunguziwa naitrojeni huongeza mafuta, lakini hudumaa.

Wenzetu wamejifunza nini?
Serikali ya Marekani ilifanya utafiti huu tangu 1978 hadi 1996. Huko Roswell, New Mexico, mwani ulikua, lakini baridi ya usiku ilipunguza mavuno, na gharama ilizidi bei ya dizeli ya kawaida. Kampuni ya ExxonMobil ilianza mwaka 2009. Kufikia 2023 ilikuwa imejitoa.

Ushauri wetu
Katika Luka 14:28 Bwana anatufundisha kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara. Sadaka ya mjane isizamishwe bwawani. Watafiti waendelee, sisi wenye ng'ombe tuanze na biogesi. Samadi tunayo, gesi yake inapika, na masalia yake ni mbolea shambani.

Maswali ya kujadili
1. Mradi tunaoletewa umeshafanya kazi wapi, kwa miaka mingapi?
2. Nishati inayoingia ni kiasi gani, inayotoka ni kiasi gani?
3. Mfadhili akiondoka, nani ataulipia?