Dawa za Kifafa na Kijiti cha Uzazi wa Mpango

Swali: Je, mwanamke anayetumia kabamazepini kwa ajili ya kifafa anaweza kutegemea kijiti?

Jibu: Hapaswi kukitegemea peke yake, kwa kuwa kabamazepini, kama zilivyo fenitoini na fenobabitali, huchochea vimeng'enya vya ini, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kemikali mwilini, hata homoni ya kijiti, na vilevile ya vidonge, ikavunjwa upesi na kiwango chake katika damu kikashuka. Sindano ya miezi mitatu na kitanzi cha shaba haviathiriki hivyo. Valproati haina kasoro hiyo, lakini ubaya wake ni mkubwa zaidi, kwani huweza kuvuruga hedhi na kumdhuru mtoto tumboni. Hata hivyo, dawa ya kifafa haiachwi ghafla bila daktari.