Unga wa Kuhuisha Uboho

*Bwana Tabibu, ndugu yangu anatibiwa saratani ya damu, na muuzaji mmoja atushawishi tununue unga wa "maikro-RNA", ati huhuisha uboho. Je, ni kweli? – Msomaji, Tanga*

Hofu yako, ndugu, ni ya haki. Ubohoni zimo seli shina, ambazo hugawanyika zikazaa damu na, papo hapo, zikaacha nyingine mithili yao, akiba isifilisike. Na miongoni mwa wasimamizi wa nidhamu hiyo ni maikro-RNA, nyuzi fupi mno zenye herufi 22 hivi, ambazo ya kwanza ilitangazwa na Victor Ambros na wenziwe mwaka 1993, na kazi ya nyuzi hizo ni kunyamazisha jumbe za jeni. Ile iitwayo 126 huzituliza seli zisigawanyike ovyo. Iitwayo 125a huzinusuru na mauti. Lakini taamali: 125b ilipokithirishwa katika panya, ilizaa saratani hiyo hiyo! Kuongeza, basi, si kuponya, wala hakuna unga wa kunywa uliothibiti kuutengeneza uboho.

Fedha zenu zihifadhini; mgonjwa asikose miadi ya kupimwa damu, na kila anachomeza daktari wake akijue. Akishikwa na homa, akivuja damu fizini au akihema kwa taabu, mpelekeni hospitali saa ile ile, pasina kungoja asubuhi.