Utulivu Unaoficha: Usonji kwa Wasichana na Wanawake

Katika familia nyingi za Kimaasai na Kiarusha, zikiwamo zinazoishi Levolosi jijini Arusha, mtoto huinamisha kichwa mbele ya mzee ili aguswe utosini na kusalimiwa. Binti asiyemkazia macho mkubwa huhesabiwa kuwa amelelewa vyema. Desturi hii ni njema, lakini humwachia mganga swali gumu. Kukwepa kutazamana machoni ni miongoni mwa dalili za usonji zinazotajwa sana. Nani ataitambua dalili hiyo kwa binti anayesifiwa kwa kuinamisha macho?

Usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo, inayoanza utotoni na kudumu maisha yote. Hujidhihirisha katika namna ya kuwasiliana na kuhusiana na watu, katika tabia na mambo yanayopendwa kwa kurudiwarudiwa, na mara nyingi katika milango ya fahamu inayopokea sauti, mwanga au mguso kwa ukali usio wa kawaida. Hausababishwi na malezi mabaya, laana wala uchawi.

Picha ya usonji iliyomo vitabuni ilichorwa zaidi kwa kuwatazama wavulana. Leo Kanner, katika makala yake ya mwaka 1943, alieleza watoto 11, na kati yao wasichana walikuwa 3 tu. Makala ya Hans Asperger ya mwaka 1944 ilieleza wavulana 4. Kwa miaka mingi ilisemwa kuwa kwa kila msichana mmoja mwenye usonji wapo wavulana 4. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2017 ulionesha kuwa uwiano huo unakaribia wavulana 3 kwa msichana 1, na kwamba wasichana wengi hupitwa bila kutambuliwa.

Mwandishi aliyesaidia kuwasikilizisha wanawake hao ni Sarah Hendrickx wa Uingereza. Kitabu chake kuhusu wanawake na wasichana wenye usonji, kilichotoka mwaka 2015, kinakusanya maelezo ya wanawake wenyewe na ya wazazi, tangu utoto, balehe, ndoa, uzazi na kazi hadi uzeeni. Hendrickx mwenyewe alitambuliwa kuwa na usonji akiwa mtu mzima, ilhali alikwisha kuandika kuhusu hali hiyo. Ikiwa mjuzi kama yeye alichelewa kujitambua, mzazi asiyewahi kulisikia neno usonji hastahili kulaumiwa.

Funzo kubwa la maelezo hayo ni kwamba wasichana wengi hujifunza kuficha. Chukulia mfano wa kubuni wa mwanafunzi wa darasa la sita. Shuleni hukaa kimya, huiga kicheko na maneno ya rafiki yake mmoja, na mwalimu humwandikia kuwa ana nidhamu. Arudipo nyumbani hulia kwa saa nzima, hukataa sare kwa sababu mshono unamkwaruza, wala hawezi kupita soko la Kilombero bila kuziba masikio. Mama huambiwa kuwa mtoto amedeka. Kumbe binti ametumia nguvu zake zote kutwa kuonekana kama wenzake. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Kuficha huko kuna gharama. Wengi huishia katika wasiwasi na sonona, na hutibiwa hayo pekee huku chanzo kikiachwa. Hatari nyingine ni ya usalama: binti aliyezoea kutii na kuiga, asiyesoma kwa urahisi nia iliyofichwa nyuma ya maneno, huweza kudanganywa na kudhulumiwa kingono. Balehe nayo huja na mabadiliko ya ghafla. Hedhi ielezwe mapema, kwa maneno ya wazi na hatua kwa hatua, bila mafumbo.

Mhudumu wa afya asiishie kuuliza kama binti humtazama mkubwa machoni. Aulize jinsi anavyocheza na rika lake, anavyopokea mabadiliko ya ratiba, sauti na vyakula anavyovikwepa, na hali yake baada ya shule. Hakuna kipimo cha damu cha kutambua usonji. Utambuzi hutokana na historia ya ukuaji na uchunguzi makini. Wala hakuna dawa ya kuuondoa, bali upo msaada wa mawasiliano, elimu na tiba ya matatizo yanayoambatana nao. Mzazi wa Levolosi anaweza kuanzia katika kituo cha afya kilicho karibu na kuomba rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Mount Meru.

Adabu ya binti iendelee kusifiwa. Lakini anayemsifu kwa utulivu wake na amuulize pia, faraghani na kwa upole, utulivu huo unamgharimu nini.