Dondoo muhimu: Wewe na rafiki yako Oktoberfest

Tamasha hili la bia la Munich, Ujerumani, lilitokana na harusi ya kifalme ya mwaka 1810. Licha ya jina lake, huanza Septemba.

• Wahini. Kuingia ni bure, lakini hema la kunywea bia likijaa milango hufungwa, na asiye na kiti kwa kawaida hauziwi bia. Nendeni asubuhi, katikati ya wiki.

• Kuleni kwanza. Bia huja kwenye glasi ya lita moja, na kilevi chake ni karibu asilimia 6. Agizeni kuku wa kuchoma, na maji kila baada ya glasi.

• Begi kubwa liacheni hotelini. Linalozidi ujazo wa lita 3 haliruhusiwi.

• Bebeni fedha taslimu, na msisahau bakshishi ya mhudumu.

• Kubalianeni pa kukutana mkipotezana. Sanamu kubwa ya Bavaria, pembeni mwa uwanja wa tamasha, huonekana kwa mbali.

• Glasi irudi mezani. Kutoka nayo ni wizi. Za kumbukumbu zinauzwa.

• Rudini kwa treni. Aliyekunywa asiguse usukani, wala baiskeli.