Somo: Taa ya Mlangoni Ijiwashayo

Taa ya mlangoni huwashwa jua litwapo. Kukipambazuka, mara nyingi husahauliwa ikawaka mchana kutwa, na gharama ni ya mwenye nyumba. Kazi hii yaweza kukabidhiwa bodi ya maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo sana ishikayo programu moja na kuirudia bila kuchoka.

Bodi ijulikanayo sana kwa wanaojifunza ni Arduino, iliyoanzishwa mjini Ivrea, Italia, mwaka 2005. Aina yake iitwayo Uno hutumia volti 5. Programu huandikwa kwenye kompyuta, kisha hupitishwa kwa waya wa USB hadi kwenye bodi.

Hatua ya kwanza. Mwanafunzi aunge taa ndogo ya LED pamoja na rezista ya omu 220, kisha aandike programu ya kuiwasha na kuizima. Asivuke hatua hii kabla ya kuielewa.

Hatua ya pili. Aongeze kihisi cha mwanga na rezista ya omu 10,000. Bodi itausoma mwanga kwa hesabu ya kuanzia 0 hadi 1023. Aandike daftarini hesabu ya adhuhuri na ya magharibi, kisha achague hesabu mbili: moja ya kuwashia, nyingine ya kuzimia. Akitumia moja tu, taa itawaka na kuzimika ovyo wakati wa jioni. Tena kihisi kisielekezwe kwenye taa yenyewe, kisije kikadhani kumekucha.

Hatua ya tatu. Hapa ndipo penye hatari. Pini ya bodi hufaa kutoa kama miliampia 20 tu. Haiwezi kubeba taa ya nyumba. Bodi hutoa amri, na rilei ndiyo ikatayo na kuunganisha umeme mkubwa. Umeme wa volti 230 huua. Kwa hiyo kazi hiyo haina budi kufanywa na fundi wa umeme mwenye leseni, na swichi ya kukatia umeme kwa mkono isiondolewe kamwe, kwani bodi nayo huweza kuharibika.

Maswali ya kujadiliwa na wanachama:
1. Kwa nini zatakiwa hesabu mbili, si moja?
2. Rilei ina kazi gani?
3. Bodi ikiharibika usiku, nani katika nyumba ajuaye mahali pa kuzimia umeme?