Amri ya Saba na Kiwanja cha Maskini

Naboti alikuwa na shamba la mizabibu karibu na nyumba ya mfalme Ahabu. Mfalme alilitamani, lakini Naboti hakukubali kuutoa urithi wa baba zake. Ndipo malkia Yezabeli alipoandika barua, akazitia muhuri wa mfalme. Mashahidi wa uongo wakaletwa, Naboti akapigwa mawe akafa. Kumbe mwizi hashiki panga siku zote. Pengine hushika karatasi.

Mambo hayo yaeleweka vema huko Bukavu. Wabelgiji waliujenga mji ule kwa watu wachache. Vita vya 1996 na 1998 vilipowatoa wengi vijijini, walijenga nyumba za mbao juu ya miteremko ya Kadutu na kwingineko. Mvua kubwa huporomosha udongo pamoja na nyumba. Moto ukishika ubao mmoja, hula safu nzima. Maskini hawakupachagua kwa upumbavu.

Tena wengi walinunua parsele zao kwa haki, mbele ya mashahidi, wakapewa karatasi ya mauzo tu. Lakini sheria ya Kongo ya tarehe 20 Julai 1973 yasema kwamba ardhi ni mali ya Serikali, na haki ya mtu juu ya kiwanja huthibitishwa kwa hati ya kuandikishwa. Hivyo mwenye fedha aweza kwenda ofisini kimya kimya, akajiandikishia kiwanja anachokaa mjane. Mbele ya watu ana hati. Mbele ya Mungu ni mwizi, na asipokubali kurudisha, kitubio chake ni bure.

Mkazi akienda peke yake kudai hati, huchoshwa kwa njoo kesho. Yafaa majirani wa mlima mmoja, Wakatoliki na wasio Wakatoliki, wapime mipaka wakiwapo wote, waandike majina, wachange fedha, waende pamoja. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 48, yakiri haki ya makao yanayofaa. Kifungu cha 34 chaagiza fidia ya haki itangulie kabla mtu hajanyang'anywa mali yake kwa faida ya wote. Nao wajitazame: auzaye parsele moja kwa watu wawili avunja amri ile ile.

Maswali

1. Ahabu hakumpiga Naboti jiwe hata moja. Kwa nini nabii Elia alimhesabia kosa la kuua?
2. Mtu aliyenunua kiwanja cha wizi bila kujua, afanye nini siku ajuapo?
3. Kijijini kwenu, ni nani alindaye shamba la mjane?